Pima Kwanza, Badilisha Baadaye: Mazungumzo na Wenye Magari ya Zamani

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wenye magari ya zamani, asanteni kwa kufika. Maswali mliyoleta nimeyasoma yote, na mengi yanafanana: gari limeanza kuchemsha, au linagoma kuwaka asubuhi, au linadondosha oili, je, nibadilishe kitu gani? Naomba leo tulirudishe swali hilo nyuma hatua moja. Kabla ya kubadilisha chochote, tumepima nini?

Nasema hivi kwa sababu magari mengi mazuri yanauawa na kubahatisha. Mtu ananunua betri, tatizo liko palepale. Ananunua alterneta, ile inayochaji betri, liko palepale. Akifika kwenye stata, pesa zimekwisha na moyo umekata tamaa, gari linauzwa kama chuma chakavu, kumbe kosa lilikuwa kwenye waya mmoja ulioingia kutu. Gari la zamani lina heri ambayo magari mengi mapya yameipoteza: sehemu kubwa ya viungo vyake unavifikia kwa mkono, unavisikia kwa sikio, na unavipima ukiwa nyumbani kwako. Inaniuma kuona heri hiyo ikipotea bure.

Swali lililoulizwa zaidi ni la kuchemsha, na hapo nitakaa kwa makusudi. Mama aliyeketi safu ya mbele ameeleza vizuri sana: kwenye foleni mshale wa joto unapanda, akipata barabara wazi akakimbia kidogo unashuka. Ameambiwa rejeta, yaani kipoozeo cha maji ya injini, imekufa. Mama, maelezo yako yana nusu ya jibu ndani yake. Gari likikimbia, upepo hupita wenyewe kwenye rejeta. Likisimama, kazi yote inabakia kwa feni. Kwa hiyo joto la foleni linalopona kwa mwendo linatupeleka kwenye feni kwanza: pengine fyuzi imeungua, rilei imechoka, au swichi ya joto haifanyi kazi. Kama feni inazungushwa na injini yenyewe, huenda klachi yake imelegea na haishiki inapopata joto. Rejeta iliyoziba kwa kawaida hujitambulisha kinyume chake. Kwenye foleni gari linavumilia, lakini ukipanda mlima au ukienda kasi safari ndefu, mshale unapanda, maana injini inatoa joto jingi na maji yanayopita hayatoshi.

Feni ya umeme unaipima bila kutoka nje ya geti. Acha injini ifikie joto lake, uone kama feni itawaka yenyewe. Katika magari mengi, ukiwasha kiyoyozi feni huwaka papo hapo. Ikiwa gari lako lina feni moja, nayo inawaka kwa kiyoyozi lakini haiwaki kwa joto, basi mota ni nzima na kosa liko kwenye swichi ya joto au waya wake. Hatujanunua hata kitu kimoja, na tayari rejeta tumeiondolea lawama.

Baada ya feni, tazama kifuniko cha rejeta. Watu hukidharau kwa sababu ni kidogo. Maji ya kawaida kwenye usawa wa bahari huchemka kwa nyuzi 100 za selsiasi. Kifuniko kina springi na mpira unaozuia mvuke mpaka shinikizo lifikie karibu bar 1, na kwa shinikizo hilo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Mpira huo ukipasuka au springi ikichoka, gari linaanza kuchemsha kwenye joto ambalo zamani lilikuwa linalimudu bila shida. Na hapohapo mtaelewa kwa nini kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji ya ndani yako juu ya nyuzi 100 na yamezuiwa na shinikizo tu. Ukilegeza, shinikizo linaondoka, na maji yanageuka mvuke mara moja yakikurukia usoni. Kitambaa mkononi hakikusaidii. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kuunguza na ubonyeke kwa urahisi.

Sasa thamostati, ambayo naiombea haki. Mafundi wengi huitoa na kuitupa, wakisema maji yapite tu. Thamostati haiwekwi pale kuzuia maji bila sababu. Hubaki imefunga injini ikiwa baridi, kisha hufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 90 hivi, kutegemea gari, ili injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi na ibaki hapo. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi mno, inakula petroli zaidi, na oili haipati joto la kutosha kuondoa unyevu na mabaki ya mafuta yaliyoingia ndani yake, hivyo tope jeusi linajijenga polepole. Kuna injini ambazo thamostati, ikifunguka, huziba pia njia ya pembeni ya maji. Kwenye injini hizo ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi kuliko mwanzo.

Kuipima ni rahisi. Ukiifungua, soma namba iliyogongwa kwenye chuma chake. Hiyo ndiyo nyuzi inayoanzia kufunguka. Ifunge kwa kamba, itumbukize kwenye sufuria ya maji isiguse kitako, weka kipimajoto, kisha washa moto. Maji yakikaribia namba ile, utaona kisahani cha katikati kinaanza kunyanyuka taratibu, na nyuzi kama kumi au zaidi kidogo juu ya hapo kinakuwa kimefunguka chote. Kisiponyanyuka, au kikinyanyuka nusu kikakwama, hapo ndipo unanunua mpya. Sufuria hiyo isirudi jikoni tena, kwa sababu kulanti, yaani dawa inayochanganywa na maji ya injini, ni sumu. Ina ladha tamu, na ladha hiyo huwavutia watoto na wanyama, kwa hiyo ile unayomwaga isiachwe kwenye beseni uani.

Kijana mmoja ameuliza kama kulanti ina maana yoyote mahali pasipo na barafu. Ina maana kubwa. Kuzuia kuganda ni kazi yake moja tu. Kazi nyingine ni kuzuia kutu ndani ya vyuma, kuinua kiwango cha kuchemka, na kulinda pampu ya maji. Ukitumia maji ya bomba peke yake miaka na miaka, chumvi zake hujenga ukoko kwenye mirija ya rejeta na kutu hula silinda hedi ya alumini. Mchanganyiko wa kawaida ni nusu kulanti na nusu maji yaliyochujwa chumvi, yale yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Rangi isikudanganye: kijani ya kampuni moja na kijani ya kampuni nyingine zinaweza kuwa na kemikali tofauti kabisa. Soma kitabu cha gari linataka aina gani, na kama hujui iliyomo ndani ni ipi, mwaga yote, suuza, uanze upya.

Maji yakipungua bila kuona tone chini, usikimbilie kulia kwamba gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, imeungua. Angalia kwanza kitundu kidogo chini ya pampu ya maji, kwa sababu pampu inayochoka huvujia hapo, na matone mara nyingi hukauka juu ya injini ya moto kabla ya kufika ardhini yakaacha alama tu. Tazama na zulia la mbele upande wa hita, kama lina unyevu unaoteleza. Dalili za gasketi ni nyingine: mpira wa juu unakuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini iliyolala usiku kucha, mapovu yanatoka bila kukoma kwenye rejeta, au moshi mweupe wenye harufu tamu unaendelea hata injini ikipata moto. Kuna kifaa cha kupimia chenye maji ya buluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Gesi ya moshi ikiwa inaingia kwenye maji ya injini, buluu hubadilika kuwa njano. Pima kwa hicho kabla hujakubali hedi ishushwe.

Na mkikutwa na joto barabarani, zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho na feni yake kwa kasi, maana hita ni rejeta ndogo, kisha tafuta mahali salama usimame. Usimwagie injini maji baridi. Alumini yenye moto mkali ikipata baridi ya ghafla hupinda au kupasuka.

Tuje kwenye gari lisilowaka asubuhi. Hapa multimita, yaani kipima umeme, ya bei nafuu inafanya kazi kubwa kuliko kifaa kingine chochote mtakachonunua. Asubuhi, kabla ya kuwasha, weka waya zake kwenye ncha mbili za betri. Betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.4 imebakiwa na robo tatu hivi, na ikisoma 12.0 imekaribia kwisha. Mtu apige stata huku wewe unasoma: kama betri ilikuwa imejaa na inashuka chini ya volti 9.6 hivi, imechoka. Injini ikiwaka, somo lipande kati ya 13.8 na 14.5. Likibaki kwenye 12, alterneta haichaji. Likipita 15, kidhibiti chake kimeharibika na kitaipika betri.

Kipimo kinachofuata ndicho kinachookoa stata nyingi zisizo na hatia. Waya mmoja wa multimita uweke kwenye ncha hasi ya betri, yaani kwenye risasi yenyewe, siyo kwenye klempu. Wa pili uguse chuma kitupu cha injini. Mtu apige stata. Somo linatakiwa kuwa karibu na sifuri. Likizidi nusu volti, basi waya wa ethi, unaounganisha hasi ya betri na injini, una tatizo: umelika ndani, au boliti yake ina kutu na rangi. Stata inapozunguka inaweza kuvuta ampea 150, na upinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu kwenye kiungo kile unakula volti 1.5 peke yake. Kwa macho boliti inaonekana imekaza vizuri. Ifungue, sugua chuma na kikono cha waya kwa msasa mpaka ving'ae, kaza, paka grisi juu yake, na usome tena. Rudia kipimo hicho upande wa chanya, kutoka ncha ya betri hadi boliti nene ya stata.

Kama betri ni nzima, alterneta inachaji, na bado gari likilala siku mbili betri inakwisha, kuna kitu kinachovuta umeme usiku. Zima kila kitu, funga milango, toa waya wa hasi na uunganishe multimita kati yake na betri, imewekwa kwenye ampea. Usithubutu kupiga stata ikiwa imekaa hivyo. Subiri vifaa vya ndani vilale. Somo likibaki juu ya miliampea 50 hivi, chomoa fyuzi moja moja mpaka lishuke. Fyuzi iliyolishusha inakuonyesha njia ya kufuata. Mara nyingi ni taa ya buti isiyozima au redio iliyofungwa vibaya.

Ukitoa betri, anza na hasi, ukirudisha, malizia na hasi. Sababu yake ni kwamba bodi nzima imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche yake inaweza kuyeyusha chuma, na betri hutoa gesi ya haidrojeni inayowaka.

Kuhusu oili, wengi mmeuliza kama gari likizeeka lipewe oili nzito. Fuata kitabu cha gari. Vitabu vingi hutaja madaraja zaidi ya moja kulingana na hali ya hewa, na injini iliyochoka inayokula oili unaweza kuipandisha daraja moja ndani ya yale yaliyotajwa. Nje ya hapo, oili nzito huchelewa kufika juu ya injini wakati wa kuwasha, na wakati huo ndio vyuma husagana zaidi. Anayesema oili ya sintetiki inasababisha uvujaji kwenye gari la zamani, namwomba aangalie sili zenyewe, yaani mipira inayozuia oili isitoke: zilizokakamaa zitavuja oili yoyote.

Na hapa nina jambo la kumwambia mzee aliyebadilisha sili mara mbili na bado injini inatoa jasho la oili kila upande. Mzee wangu, kagua vali ya kupumulia ya injini, ile inayoitwa PCV. Kazi yake ni kunyonya gesi zinazopenya kwenye pistoni na kuzirudisha kuchomwa. Ikiziba, gesi hizo hukosa njia, zinajaa chini ya injini, na kusukuma oili nje kupitia sili yoyote iliyo dhaifu. Ile ya mtindo wa kawaida ukiichomoa na kuitikisa inapaswa kugonga ndani. Ikiwa kimya imeganda kwa tope. Ni kipuri kidogo, na hakina sababu ya kuachwa mpaka mwisho.

Utandu mweupe kama krimu chini ya kifuniko cha oili humtisha kila mtu. Kama gari linaendeshwa safari fupi tu, mara nyingi ni unyevu. Lipeleke safari ndefu, ufute, uangalie tena. Krimu ikiwa iko pia kwenye kijiti cha kupimia oili, na maji ya rejeta yanapungua, hapo ni habari nyingine, rudini kwenye kile kipimo cha buluu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa.

Dada mmoja anataka kununua gari lenye miaka 20 lakini kilomita chache sana, na amefurahi. Nami nafurahi naye, ila namwomba ajue kwamba mpira huzeeka kwa miaka, hata gari likiwa limeegeshwa. Mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa vali na pistoni, watengenezaji wengi huupa ukomo wa kilomita na wa miaka pamoja, kitakachotangulia. Katika injini ambazo vali na pistoni hupishana nafasi moja, mkanda ukikatika vinagongana, na hedi nzima inaharibika kwa sekunde moja. Kama hakuna maandishi yanayoonyesha ulibadilishwa lini, ubadilishe. Hiki ndicho kipuri pekee ninachowaruhusu kubadilisha bila kupima, maana hakitoi dalili ya kuaminika. Matairi nayo: tafuta ubavuni herufi DOT na tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, hata kama kashata zake bado ni ndefu halifai barabarani. Mipira ya petroli uiminye injini ikiwa baridi. Ikitoa nyufa, badilisha siku hiyohiyo.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. DOT 4 mpya huchemka si chini ya nyuzi 230, lakini kiwango chake cha chini kikishanyonya maji ni nyuzi 155, na mteremko mrefu unaweza kuyafikisha huko. Yakichemka yanatoa mapovu, na mguu unazama mpaka chini. Kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili hata kama hayajapungua. Yakipungua polepole, usiongeze tu. Pedi zikilika mafuta hushuka yenyewe, basi fungua tairi utazame unene wa pedi kwanza. Zikibaki milimita 3, zimemaliza kazi. Magari ya miaka ya 1980 na kurudi nyuma mengi yalikuwa na pedi na viatu vya breki vyenye asbesto. Vumbi lake lisipulizwe kwa upepo wala kwa mdomo. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa, kitupe kikiwa kimefungwa.

Nimeulizwa pia kuhusu kuingia chini ya gari, na hapa nitasema kwa ukali kwa sababu nawapenda. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Haishikilii gari mtu akiwa chini. Egesha kwenye sakafu ngumu na tambarare, zuia matairi yanayobaki chini, nyanyua, weka stendi za chuma kwenye sehemu zilizoonyeshwa na kitabu, teremsha gari likae juu ya stendi, kisha lisukume kwa nguvu ukiwa nje. Likitikisika, anza upya. Matofali ya saruji yanapasuka ghafla bila kutoa onyo, msiyatumie hata kwa dakika moja. Na injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na inaua.

Springi za shokapu zilizobanwa, mifuko ya hewa ya usukani na gesi ya kiyoyozi waachieni wenye vifaa vyake. Mengine haya, kwa subira na kitabu cha gari mkononi, yako ndani ya uwezo wenu. Kila mnachopima kiandikwe kwenye daftari, pamoja na tarehe na kilomita. Volti za betri za mwaka huu zitakuwa na maana zaidi mkiwa na za mwaka jana kando yake.

Maswali yaliyobaki, hasa ya kabureta na ya kutu kwenye milango, tutayajibu nje. Pale kuna gari limekaa tangu asubuhi bila kuwashwa, injini yake ni baridi. Tutaanza na betri, kisha waya wa ethi. Aliyekuja na multimita asogee mbele, na kila mmoja asome mwenyewe.